Njia ya Murongo kwa Baiskeli

Kutoka Karagwe kwenda Murongo, kule daraja la mto Kagera linapokuvusha kuingia Uganda, kuna barabara kuu mbili. Moja inatokea Omurushaka na kupita Nkwenda, Isingiro na Kaisho. Nyingine inachepuka Omugakorongo na kupitia Kigarama. Kila moja inazidi kilomita 100. Mwenye gari atauliza tu ni ipi imechongwa karibuni. Mwenye baiskeli ana swali zito zaidi: ni ipi ina vilima vingi, na vilima vyenyewe vimekaaje? Katika safari nyingine nilizoea kuuliza swali la namna hiyo stendi, kwa makondakta na vijana wa bodaboda. Safari hii niliipanga kwa ramani za mtandaoni tangu mwanzo, na ndiyo iliyonifikisha Kyerwa, wilaya yenye Murongo, kwa mara ya kwanza.

Mwenzangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mnyambo wa Karagwe, mtu ambaye baiskeli imempeleka kazini miaka yote. Tulilala Kayanga, hukohuko Karagwe. Usiku ule, kompyuta ikiwa juu ya kitanda cha gesti na simu mbili kwenye chaji, tukaanza kuchora njia.

Kazi ya kwanza ilikuwa majina. Niliandika "Isingiro", na programu ikanirusha ng'ambo ya mto, hadi wilaya ya Isingiro ya Uganda. Wilaya ile inatazamana na Kyerwa, mto Kagera ukiwa katikati, kwa hiyo ukitazama haraka unaweza kuamini uko sawa. Omurushaka nayo huandikwa pia Murushaka, na ukikosea herufi ya kwanza unaambiwa mahali hapo hapapo. Kyerwa ni jina la wilaya na ni jina la mahali ndani ya wilaya hiyohiyo. Tena wilaya yenyewe ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, hivyo orodha nyingi za zamani bado zinaviweka vijiji vyake Karagwe. Mwalimu alikuwa akinisahihisha bila kutazama kioo. Nikajifunza kuacha kutafuta kwa jina. Nikawa naisogeza ramani kwa kidole, nikiufuata mto na barabara hadi nifike ninapotaka.

Baada ya hapo kazi ilienda vizuri. Tulitumia BRouter, programu ya kupangia njia ambayo haihitaji kulipia wala kujisajili. Unabofya mwanzo, unabofya mwisho, mstari unajichora juu ya barabara, na chini yake unatokea mchoro wa miinuko, kama meno ya msumeno. Barabara zenyewe zinatoka OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea. Hapa Tanzania kazi hiyo ilipata nguvu mwaka 2015, pale mradi wa Ramani Huria ulipowatoa wanafunzi wa vyuo vikuu kwenda kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko. Mwaka huohuo mradi wa Crowd2Map ukaanza kuchora vijijini. Kila kijistari tulichokiona usiku ule Kayanga, kuna mtu alikaa akakifuata kwenye picha ya setelaiti, bonyezo kwa bonyezo, na pengine mtu huyo hajawahi kukanyaga Kagera. Kwa kazi hiyo ninawashukuru kwa dhati.

Vimo vya vilima vina asili nyingine. Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikipima ardhi kwa rada, na vipimo hivyo ndivyo vilivyo nyuma ya michoro mingi ya miinuko tunayoiona leo kwenye simu. Vinatoa kimo kimoja kwa kila mita 30 hivi. Kati ya nukta na nukta, programu inakadiria. Kwenye tambarare makadirio hayo hayadhuru. Karagwe, ambako kilima kinaweza kuinuka ghafla pembeni ya bonde la mafunjo, kipande kifupi kikali sana kinaweza kulainishwa kikaonekana mteremko wa kawaida. Rada nayo huona vilele vya miti kabla ya udongo, kwa hiyo msitu mnene wa mikaratusi unaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya kilima.

Haya si manung'uniko. Nilipokuwa nikiutazama mchoro ule nilimkumbuka Speke, mpelelezi Mwingereza. Alifika kwa mfalme Rumanyika wa Karagwe, Bweranyange, Novemba 1861, na vilima hivihivi alivipima kwa maji ya moto: unachemsha maji, unatumbukiza kipimajoto, unasoma. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Kwenye mita 1,500 yanatokota karibu nyuzi 95 badala ya 100. Mwenzake, Grant, alikuwa amelala na kidonda kibaya cha mguu, na aliachwa Karagwe kwa miezi kadhaa. Yale ambayo Speke hakuyaona kwa macho aliyapata kwa kuuliza: kwa Rumanyika mwenyewe, na kwa wafanyabiashara Waarabu waliokuwa na kituo Kafuro, karibu na ikulu. Ramani iliyochapishwa London baadaye ilibeba jina lake. Sehemu yake nzuri ilikuwa imetoka vinywani mwa watu wa Karagwe.

Tukalinganisha barabara zetu mbili. Wengi hutazama kilomita kwanza. Mimi nawashauri waanze na jumla ya mita za kupanda, kwa sababu hizo ndizo zitakazoamua kama utafika kabla ya giza. Kisha tazama mwinuko kwa asilimia: asilimia 5 ni mita 5 juu kwa kila mita 100 mbele, na mtu mwenye gia anapanda akiongea. Ikifika 10, kwenye changarawe, na mzigo ukiwa nyuma, wengi tunashuka na kukokota. Njia ya Nkwenda ilikuwa na meno mengi mafupi. Ya Kigarama ilikuwa na wingi wa rangi inayoashiria kwamba hakuna aliyeeleza barabara ikoje, kama ni changarawe, udongo au mchanga. Tukachagua kwenda kwa Nkwenda na kurudi kwa Kigarama, tukapakua ramani nzima kwenye OsmAnd, programu ya ramani ya simu, ili tusitegemee mtandao. Watu wengi hawajui kwamba simu haihitaji bando wala mnara ili ijue iko wapi. Inapokea ishara za setelaiti tu. Ukishakuwa na ramani ndani yake, itakuonyesha ulipo hata bondeni kusikoshika mtandao wowote.

Kuna mstari mmoja tulioukataa usiku uleule. Nilipoiambia programu itafute njia fupi kabisa, ilitupeleka magharibi ikatupitisha kwenye vijinjia kandokando ya mto Kagera. Kule ni Ibanda, iliyokuwa pori la akiba na sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa tangu mwaka 2019. Njia zipo, na gari la doria linapita. Lakini hifadhi ya taifa huingii kwa kuwa mstari umechorwa. Kuna kibali, kuna malipo, na kuna nyati. Mwalimu alivuta kidole kwenye mpaka wa hifadhi akasema, "Hapa kaka, tunapasalimia kwa mbali."

Tuliondoka alfajiri, Julai, kiangazi kikiwa kimekaa. Omurushaka ilikuwa ndiyo kwanza inaamka, mama wa maandazi wakipepea moto. Lami ilipotuacha, changarawe nyekundu ikatupokea, na vumbi. Julai katika nchi ya robusta kila uwanja una kahawa: kwenye mikeka, kwenye maturubai, kwenye sakafu ya saruji mbele ya nyumba, buni zinabadilika kutoka nyekundu kuwa nyeusi na harufu yake ni ya tunda lililochacha kidogo. Vibanja vinafuatana, migomba na mibuni pamoja, na nyumba inachungulia katikati. Kwenye picha ya setelaiti yote hii ni kijani kibichi cheusi chenye vidoti vya mabati yanayong'aa. Ndani yake kuna watoto wanaokimbia hadi ukingoni mwa barabara kukusalimia, na ukipita bila kuitikia unakuwa umekosa adabu.

Kilima kilichonifundisha zaidi tulikikuta kabla ya Nkwenda. Mstari wetu ulitoka kwenye barabara kuu ukakata bonde ili kuokoa zaidi ya kilomita, ukishuka moja kwa moja na kupanda moja kwa moja. Juu ya mteremko tulimkuta kijana na baiskeli ya mizigo, ile nyeusi ya fremu nzito, isiyo na gia. Alikuwa amepakia mikungu ya ndizi, miwili ikining'inia kila upande wa keria na mmoja umelala juu, yote imekazwa kwa mipira ya tyubu iliyokatwa. Hakuwa amekaa juu yake. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani, mwingine umeushika mkungu wa juu, bega limeegemea mzigo. Breki ya nyuma haikuwapo. Mahali pake alikuwa amefunga kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu, na kwenye mteremko alikikanyaga kwa kisigino cha kandambili kikakwaruza kwa sauti.

Alitutazama tukijiandaa kuteremka.

"Wakuu, mnaenda wapi huko?"

Nikamwonyesha simu. Aliitazama kwa makini, akauliza tulipo, nikamwonyesha kinukta cha bluu. Akacheka kwa furaha, akakisogelea hadi uso wake ukakaribia kioo.

"Mmm. Hapa inakuonyesha unashuka, unavuka, unapanda. Ni kweli watu wanapita hivyo, wa miguu. Sisi wa baiskeli hatupiti. Kule chini kuna matope hata sasa hivi, na upande wa pili unapanda mkono huu." Akausimamisha mkono wake karibu wima. "Sisi tunazunguka na kilima. Ni mbali, lakini baiskeli inakwenda."

Tukamfuata. Njia yake ilishika ubavu wa kilima kwa kimo kilekile, ikaingia kila kikorongo na kutoka, ikapita nyuma ya vibanja, na haikupanda ghafla hata mara moja. Kwenye OpenStreetMap haikuwapo. Niliipima kwa simu tulipomaliza: ilikuwa ndefu kuliko ule mstari wetu kwa zaidi ya nusu, na jumla ya kupanda ilikuwa sehemu ndogo tu. Hiyo ni elimu ya watu waliosukuma kilo mia ya ndizi kwa miaka mingi. Wameshapima vilima vyote kwa mabega yao, wakagundua kile ambacho mhandisi wa reli angewaambia: fuata kimo. Programu ya njia inahesabu kilomita na mwinuko kwenye njia inazozijua. Isiyoijua haiwezi kuihesabu, na njia bora ya baiskeli kati ya Omurushaka na Nkwenda ilikuwa haijulikani na yeyote isipokuwa wale wanaoitumia kila siku ya soko.

Kuanzia hapo tulibadili mtindo. Mstari wa ramani ukabaki kuwa mwelekeo, na kila tulipokuta baiskeli ya mizigo tulisimama kusalimia na kuuliza. Mwalimu aliuliza kwa Kinyambo, na maelezo yakawa marefu na mazuri kuliko yale tuliyopata kwa Kiswahili changu.

Nkwenda tulikula ndizi na maharage, tukajaza maji. Kutoka pale kwenda Isingiro na Kaisho nchi inafunguka. Vilima vya Kyerwa vinaonekana vimepangana hadi Rwanda. Kwenye picha ya setelaiti nilikuwa nimeona makovu meupe kwenye baadhi ya vilima hivyo, na nikadhani ni machimbo ya mawe. Mwalimu akanieleza kuwa ni mashimo ya bati. Madini hayo yamechimbwa Kyerwa tangu utawala wa Mwingereza, na leo wachimbaji wadogo bado wanashuka. Kwa mpanga njia hilo lina maana yake: vijinjia vingi vinavyopanda kule vinaishia mdomoni mwa shimo. Kwenye ramani vinafanana na njia nyingine zote. Ukiviona vinakwenda kilimani na havitoki upande wa pili, viache.

Karibu na Kaisho maji yalituishia. Ramani haikuonyesha kisima wala bomba kwa kilomita nyingi. Tulipouliza kwenye nyumba moja, mama mtu mzima alikuwa uani akigeuza kahawa kwa reki ya mti. Tukasalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Poleni na safari, waitu. Karibuni kivulini."

Alituongoza kwa kijinjia kilichopita katikati ya kibanja chake, nyuma ya jiko, hadi kwenye chemchemi iliyojengewa kwa mawe, maji yakitoka kwenye bomba fupi bila kukoma. Watoto watatu walikuwa wakijaza madumu. Tulikunywa, tukajaza chupa. Nikamweleza mama ninachotaka kufanya: kuiandika chemchemi kwenye ramani, ili mwingine akipita na kiu aione kwenye simu. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali ya maana. Je, mtu wa Bukoba ataiona? Nikasema ataiona. Na mtu wa Ulaya? Ataiona pia. Akafikiri.

"Chemchemi iandike. Maji haya si yangu, ni ya wote, na wala hayakauki. Lakini njia hii tuliyopita usiiandike. Hii ni njia ya uani kwangu. Leo mnapita nyie mmenisalimia. Ukiiandika kesho zinapita pikipiki kwa sababu ni mkato, na hapa ndipo ninapoanika kahawa."

Nimesoma mengi kuhusu ramani huria, na sikuwa nimewahi kusikia jambo hili likielezwa kwa uwazi namna ile. Sisi tunaopenda ramani tunaamini kila kinachoonekana kinafaa kuchorwa, na tunakihesabu kuwa faida. Kwa mwenye kibanja, njia inayojulikana na majirani wanaosalimia ni kitu kimoja, na njia inayojulikana na simu zote duniani ni kitu kingine kabisa. Programu ikishaiona itaipendekeza kwa kila mtu anayetafuta mkato, mchana na usiku, na haitamwambia yeyote apige hodi. Tulimuuliza mama watu wengine wanafikaje kwenye chemchemi. Akatuonyesha njia ya kijiji, pana, inayozunguka mbali kidogo. Tukaiendesha hiyo hadi barabarani huku simu ikirekodi, na hiyo ndiyo tuliyoiandika.

Tuliingia Murongo jua likiwa limeinama. Kutoka vilimani unateremka kwa muda mrefu hadi mtoni, na mchoro wetu wa miinuko ulikuwa umesema kweli kabisa katika hilo. Kagera pale ni mto wenye nguvu. Ng'ambo ni Kikagati, na mtambo wa umeme uliojengwa mtoni unatoa megawati 14 ambazo Tanzania na Uganda zinagawana nusu kwa nusu. Mtambo wa kwanza wa mahali hapo ulijengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya migodi ya bati, ukaja kuharibiwa katika vita vya Tanzania na Uganda, mwaka 1979. Pale darajani bodaboda zilikuwa zimepanga foleni, na baiskeli za mizigo nyingi kuliko nilizowahi kuziona mahali pamoja.

Usiku, kwenye gesti, tulifanya kazi iliyobaki. Kwa StreetComplete, programu ya simu ya kujazia taarifa za OpenStreetMap, tulijibu maswali ya kila kipande tulichopita: changarawe, udongo, udongo, changarawe. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini programu ya njia inategemea majibu hayo ili imtofautishe mwenye baiskeli na mwenye lori. Tuliweka chemchemi. Tuliongeza majina ya vitongoji ambayo Mwalimu aliyahakiki mojamoja kwa kumpigia simu mwenzake wa Nkwenda. Kisha ikaja njia ya kilimani, ile ya wabeba ndizi. Tuliijadili kwa muda mrefu. Inapita nyuma ya vibanja vya watu wengi ambao hatukuwauliza, na hata yule kijana aliyetuongoza hakuwa na mamlaka ya kusema kwa niaba yao. Tukaihifadhi kwenye simu ya Mwalimu peke yake. Atakapopita tena siku ya soko atasimama nyumba kwa nyumba, na serikali ya kijiji itaulizwa. Wakikubali itaingia ikiwa na alama ya njia ya baiskeli, si ya pikipiki.

Barabara ya Kigarama tuliyorudi nayo bado hatujaiandika. Mwalimu ameichukua yeye, kwa sababu shule anayofundisha iko upande ule, na wanafunzi wake wa darasa la sita wameshaanza kumletea orodha ya visima.